IJUE SHERIA: Ulanguzi wa Tikiti za Michezo na Burudani

Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON, mwaka wa 2027. Mashabiki watakuwa wengi kuliko viti, na hapo ndipo mlanguzi hupata soko. Hali hiyo ilionekana wakati wa michuano ya CHAN mnamo Agosti 2025. Baada ya mashabiki kuingia uwanjani kwa nguvu, CAF ilipunguza tikiti za mechi ya Kenya na Zambia ugani Kasarani hadi 27,000, na ikakubali tikiti za kielektroniki pekee.

Makala haya yanaeleza sheria inavyomlinda mnunuzi wa tikiti.

Mlanguzi ni nani?

Kulangua ni kununua kitu ili kukiuza tena kwa bei ya juu. Mlanguzi wa tikiti hununua nyingi mapema, kisha huziuza zinapoadimika. Tapeli ni mtu tofauti: yeye huuza tikiti ghushi, au huuza tikiti moja kwa watu wengi.

Tuchukue mfano. Mkazi anaona tangazo mtandaoni, anatuma KSh 1,500 kwa tikiti ya KSh 500, na anapokea picha ya tikiti kwenye simu. Langoni, mashine inaikataa. Picha hiyohiyo ilitumwa kwa watu kumi, na wa kwanza kufika ameshaingia.

Sheria inasemaje?

*Kanuni ya Adhabu.* Kifungu cha 313 kinamwadhibu anayejipatia mali kwa udanganyifu: kifungo cha hadi miaka mitatu. Kughushi hati pia ni kosa, na anayeitumia hati hiyo akijua ni ghushi huadhibiwa sawa na aliyeitengeneza.

Lakini kuna jambo la kuzingatia. Kwa mujibu wa Kifungu cha 312, udanganyifu huo lazima uhusu jambo lililopita au lililopo. Anayesema "ninazo tikiti" ilhali hana, amedanganya kuhusu jambo lililopo. Anayesema "nitakutafutia tikiti kesho" ametoa ahadi, na ahadi iliyovunjwa huenda ikaonekana mahakamani kuwa deni tu. Ndiyo maana maneno ya muuzaji yanafaa kuhifadhiwa jinsi alivyoyaandika.

*Katiba.* Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa au huduma, kulindwa kiuchumi na kufidiwa anapopata hasara.

*Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012.* Sheria hii inamkataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo. Bei inayozidi mno ile ya bidhaa kama hiyo inayopatikana kwa urahisi pia inaweza kuzingatiwa na mahakama. Mnunuzi aliyepotoshwa ana mwaka mmoja wa kuvunja makubaliano na kudai pesa zake.

Funzo kutoka Uingereza

Mashabiki 97 walipoteza maisha kutokana na msongamano katika uwanja wa Hillsborough mwaka wa 1989. Ripoti ya Jaji Taylor ya 1990 ilipendekeza ulanguzi wa tikiti za mechi upigwe marufuku, na mwaka wa 1994 ukawa kosa la jinai kuuza tikiti ya kandanda bila idhini. Sababu si bei pekee. Asiye na tikiti halali huja langoni akitumaini kuuziwa, na umati nje ya lango ni hatari. Kenya inaijua hatari hiyo: watu saba walikufa kwenye mkanyagano katika uwanja wa Nyayo mnamo Oktoba 2010, siku ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards.

Kabla ya kununua

1. Nunua kwa mwandalizi au wakala aliyemtangaza mwenyewe.
2. Soma masharti ya tikiti. Mwandalizi akiwa amekataza kuuziana, tikiti hiyo inaweza kukataliwa langoni hata kama ni halisi.
3. Lipa kwa nambari ya Paybill au Till iliyotangazwa, si kwa nambari ya mtu binafsi.
4. Usiweke picha ya tikiti yako mtandaoni. Msimbo wake unaweza kunakililiwa.

Ukishatapeliwa

Usifute chochote. Hifadhi tangazo, mazungumzo na ujumbe wa M-Pesa wenye jina la aliyepokea pesa. Iarifu kampuni ya simu mara moja, kisha piga ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu na uchukue nambari ya OB.

Muuzaji akijulikana, dai linaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiza madai yasiyozidi KSh 1,000,000. Si lazima kuwa na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

Wakazi wanahimizwa kuripoti hata kama kiasi walichopoteza ni kidogo. KSh 1,500 kutoka kwa watu kumi ni KSh 15,000, na ripoti kumi dhidi ya nambari moja ya simu ni ushahidi mzito kuliko moja.