SOMO LA KILIMO: MIMEA ITAMBAAYO KATIKA BUSTANI YA NYUMBANI



Wengi wetu huhesabu kuwa bustani safi ni ile iliyopaliliwa hata lisibaki jani. Kwa ua ulio mbele ya mlango hilo ni jema, kwani hata nyoka huonekana mapema. Lakini katika mteremko wenye migomba na kahawa, udongo mtupu ni hasara. Tone la mvua ya masika huupiga na kuuvunja. Chembe zake huziba matundu ya ardhi, na maji yanayoshindwa kupenya hutiririka yakichukua tabaka la juu. Tabaka hilo ndilo lenye mboji, na sehemu kubwa ya mizizi ya kahawa inayofyonza chakula imo katika sentimita 30 za kwanza.

Yafaa basi kuufunika udongo kwa mimea mifupi, migumu, na yenye faida nyumbani.

Mmea uliozoeleka ni kiazi kitamu. Marando ya urefu wa sentimita 30 hivi hupandwa mvua zinapoanza, theluthi mbili zikifukiwa, nayo hufunika ardhi baada ya majuma machache. Hapa pana jambo lisiloangaliwa sana: kuchimba viazi ni kuufukua upya udongo ule ule uliolindwa. Kwa hiyo viazi vya kuchimba vipandwe mahali tambarare. Penye mteremko marando yaachwe yatambae, na mama wa nyumbani achume matembele tu.

Penye mteremko mkali, desmodiamu hushinda. Ni jamii ya mikunde, hivyo huongeza naitrojeni ardhini; huishi miaka mingi bila kupandwa upya; na majani yake ni malisho bora ya ng'ombe wa zizini. Ila ni mvivu wa kuanza. Miezi miwili ya kwanza hapana budi kuipalilia, la sivyo magugu huisonga. Ikisha kushika, ikatwe ikiachwa sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi. Tena hupenda kukwea. Kila shina la kahawa liachiwe duara tupu la nusu mita au zaidi, na matandazo ya majani makavu ya migomba yawekwe humo bila kugusa shina. Wakati wa kiangazi ipunguzwe, kwa maana nayo hunywa maji.

Sangari na ukoka navyo hutambaa na ni vigumu kufa, lakini visikaribishwe kamwe: hunyang'anya kahawa chakula, na kuving'oa ni kazi ya miaka.

Mbegu ya desmodiamu ni ghali. Vipande vya shina lililokomaa, vyenye vifundo vitatu au vinne, huota vizuri udongo ukiwa na unyevu, na mwanachama mwenye kitalu kimoja aweza kuwagawia jirani zake wote. Marando ya viazi nayo hupatikana kwa jirani. Yasichukuliwe kwenye shina lenye majani yaliyojikunja au yenye mabaka ya manjano, kwa kuwa ugonjwa husafiri nayo.