Mshahara wa chini uliwekwa kwa ajili ya nani?

Katika somo hili tunajibu swali ambalo familia zilizohama Masisi na Walikale hutuuliza mara kwa mara: sheria ya mshahara wa chini ina maana gani, ikiwa anayelima shamba la mwingine anapokea tu kile anachopewa?

Sheria hiyo haikuanzia kwa watu wa ofisini. New Zealand ilitunga ya kwanza mwaka 1894, ili ugomvi wa mishahara uamuliwe mbele ya mahakama badala ya migomo. Uingereza ilifuata mwaka 1909, ikianza na kazi nne zilizolipwa vibaya kabisa. Mojawapo ilikuwa kutengeneza minyororo, kazi ya wanawake wengi waliofanyia nyumbani kwao. Hawakuwa na nguvu ya pamoja. Kila mmoja alipatana bei peke yake, na mwenye njaa zaidi alikubali kidogo zaidi. Mwaka 1928 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 26 kwa ajili ya kazi za namna hiyo hiyo.

Je, hii si hali ya mkimbizi wa ndani? Amefika bila shamba, na mwenye shamba anajua. Mwenyeji aliyekuwa akifanya kibarua hicho anaona bei imeshuka, anamlaumu mgeni. Tunaitwa kusuluhisha ugomvi wa makabila, kumbe ukiuchimbua unakuta ni bei ya siku moja ya kulima.

Sheria ya Kazi ya Kongo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamhusu hata kibarua wa siku. Aliyefanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo kwisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo. Mshahara wa chini (SMIG) uliwekwa 7.075 FC kwa siku mwaka 2018, ukapandishwa mwaka 2025. Tusidanganyane: mkaguzi wa kazi hafiki vilimani, hasa penye silaha.

Kwa hiyo tunashauri wahami na wenyeji wakae pamoja mbele ya chefu wa kijiji kabla ya msimu wa kupanda, wapatane bei moja, saa za kazi na siku ya kulipwa. Pombe kali isihesabiwe kuwa malipo. Mkataba namba 95 wa mwaka 1949 unakataza.

Maswali ya kujadili katika kikundi: Kwetu siku ya kulima inalipwa kiasi gani? Mwanamke na mwanaume wanalipwa sawa? Nani alipanga bei hiyo?