BARUA ZA VITANI: TUJIFUNZE KUSOMA BAHASHA

Ulipokuwa katika kisomo ulifundishwa kuandika barua. Ulijifunza kuweka anwani juu, tarehe chini yake, halafu salamu, habari na jina lako. Leo tutasoma upande ambao wengi wetu hatuutazami, yaani upande wa nje. Tunataka kujua bahasha ya barua iliyotoka vitani inatuambia nini.

Kwa nini somo hili ni la watu wa Karagwe na Kyerwa? Ni kwa sababu nchi hii ya mto Kagera imepitiwa na vita mara nyingi. Vilikuja Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, kuanzia 1914 hadi 1918. Vikaja Vita Vikuu vya Pili, kuanzia 1939 hadi 1945. Halafu tukapigana na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978 na 1979. Siku hizo Kyerwa ilikuwa bado sehemu ya Karagwe, kwani wilaya hizi ziligawanywa mwaka 2012.

Huenda hata nyumbani kwako lipo sanduku la marehemu babu, na ndani yake mna bahasha kuukuu. Watoto wanaikata stempu wakachezee. Mama akikosa karatasi anawashia moto. Kumbe pengine hiyo ndiyo karatasi peke yake inayosema babu alikuwa wapi, na mwaka gani.

HABARI NI SILAHA

Katika vita, habari ni silaha kama bunduki. Mfano mzuri tunao hapa hapa kwetu. Mwaka 1915 Wajerumani walikuwa na mlingoti wa simu isiyo na waya mjini Bukoba. Kwa mlingoti huo walipeleka habari mbali bila ya mjumbe kutembea. Waingereza wakaona hatari. Wakatoka Kisumu kwa meli, wakavuka ziwa, wakaushambulia mji tarehe 22 Juni 1915. Kesho yake wakauteka, wakaubomoa mlingoti ule, kisha wakarudi walikotoka.

Basi ukiona wakubwa wa jeshi wanahangaikia barua ya askari mmoja, usishangae. Barua moja inaweza kumwonyesha adui mahali jeshi lilipo.

STEMPU HUONYESHA NANI ANATAWALA

Vita vya 1914 vilipoanza, nchi yetu ilikuwa chini ya Wajerumani. Manowari za Kiingereza zikaifunga bahari, na stempu kutoka Ujerumani zikawa shida kupatikana. Mwaka 1916 Wajerumani walichapisha stempu zao wenyewe katika mtambo wa misheni ya Vuga, huko Usambara. Lakini walikuwa wanafukuzwa huku na huku. Wakazifukia stempu zile ardhini ili zisitekwe. Zilifukuliwa baada ya vita kwisha.

Mwaka huo huo wa 1916 Wabelgiji walitoka Kongo, wakapita Rwanda, wakafika Biharamulo, na tarehe 19 Septemba wakaingia Tabora. Walikuja na stempu za Kongo. Juu yake walipiga chapa ya maneno ya Kifaransa na ya Kiholanzi. Maana yake ilikuwa hii: Afrika Mashariki ya Kijerumani, imeshikwa na Wabelgiji.

Waingereza nao walifanya hivyo hivyo. Walichukua stempu za Afrika Mashariki na Uganda zenye sura ya Mfalme George wa Tano. Mwaka 1917 wakazipiga chapa ya herufi tatu: G.E.A. Hicho ni kifupi cha jina la Kiingereza la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ilipofika mwaka 1922 ndipo zilipotoka stempu za Tanganyika zenye picha ya kichwa cha twiga.

Umeona mambo hayo? Katika miaka michache tu serikali tatu zilipigania nchi hii, na kila moja ilitaka barua zibebe alama yake. Mkulima wa Karagwe hakuulizwa na hata mmoja wao. Lakini ukijua kusoma stempu, utajua nani alikuwa anatawala mwaka ule barua ilipotumwa.

NAMBA BADALA YA MAHALI

Katika Vita Vikuu vya Pili, Tanganyika ilitoa askari zaidi ya 80,000. Wengi waliingia jeshi la K.A.R., ambalo wazee waliliita Keya. Walipelekwa Uhabeshi, Madagaska, na Burma, nchi ambayo siku hizi inaitwa Myanmar.

Askari huyo akiandika nyumbani, alikatazwa kutaja mahali alipo. Hakuandika mji, mto wala mlima. Aliandika namba yake ya jeshi, jina lake, kikosi chake, na namba ya posta ya jeshi. Posta hiyo ilijulikana kwa herufi E.A. A.P.O., yaani Posta ya Jeshi la Afrika Mashariki. Kila ofisi ilikuwa na namba yake. Kikosi kikihama, makarani wa posta ya jeshi walijua kimekwenda wapi, na barua zikafuata. Mama wa kijijini aliandika namba ile ile, asijue kama mwanawe yuko karibu au amevuka bahari.

Njia yenyewe ilikuwa ya hatari. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Ceylon (leo Sri Lanka), ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani. Walikufa watu karibu 1,300, na mamia kati yao walikuwa askari wa Afrika Mashariki. Meli ikizama, huzama na barua pia. Basi kimya cha miezi mitatu kilikuwa na maana nyingi. Pengine barua imechelewa, pengine imepotea, pengine mwandishi hayupo tena. Aliyebaki nyumbani hakuwa na namna ya kujua ni lipi kati ya hayo.

Kwa sababu ya taabu hiyo ya meli, kuanzia mwaka 1941 Waingereza walitumia njia mpya. Barua ilipigwa picha ikawa ndogo kabisa kwenye filamu. Filamu ikapelekwa kwa ndege, na kule mwisho ikachapwa tena kwa ukubwa wa kusomeka. Barua 1,600 za karatasi zilikuwa na uzito wa kilo 23 hivi. Zikiwa kwenye filamu, uzito ulishuka hadi gramu 150 hivi. Mwaka huo huo askari walipewa pia karatasi nyepesi ambayo ikikunjwa inakuwa bahasha yenyewe. Hiyo ndiyo asili ya ile barua ya ndege ya buluu ambayo wengi wetu tumewahi kuinunua posta.

MACHO YA WATU WENGINE

Barua ya askari haikuwa na siri. Kabla ya kuondoka ilisomwa na mkaguzi. Akiona jina la mahali au habari ya jeshi, alilifuta kwa wino au alilikata kwa mkasi. Akimaliza aligonga muhuri wake, mara nyingi wenye neno CENSOR na namba. Barua za askari wetu zilizoandikwa kwa Kiswahili zilisomwa vile vile, na wakaguzi waliwaandikia wakubwa ripoti juu ya manung'uniko ya askari. Humo mlikuwa na mambo ya likizo na ya mshahara, na hofu ya mume kwa mke aliyemwacha nyumbani.

Tena tukumbuke jambo jingine. Askari wengi waliingia jeshini bila ya kujua kusoma, ingawa baadhi walifundishwa huko huko. Asiyejua aliandikiwa na mwenzake. Mkewe kijijini naye alisomewa na mwalimu, karani au mtoto wa shule. Hebu hesabu: mwandishi mmoja, mkaguzi mmoja, msomaji mmoja. Watu watatu wamekaa kati ya mume na mke! Mwanamke atauliza nini mbele ya watu hao? Atasema nini juu ya deni, au mtoto mgonjwa, au shamba linalonyang'anywa na shemeji?

Ndugu msomaji, mkaguzi hatuna uwezo wa kumwondoa wakati wa vita. Lakini wale wawili wengine huondolewa na elimu. Anayejua kusoma na kuandika huwabakiza watu wa jeshi tu.

ANWANI INAPOKIMBIA

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliivamia nchi yetu, yakaishika sehemu iliyo kaskazini ya mto Kagera. Wananchi wakakimbia. Mtu akikimbia, anwani yake inabaki haina mtu. Barua itafika wapi?

Jambo hilo tuliliona tena mwaka 1994, watu wengi mno walipokimbia mauaji na vita vya Rwanda wakaingia Karagwe na Ngara. Mama alikuwa kambi hii, mtoto kambi ile, baba hajulikani alipo. Hapo Msalaba Mwekundu walitumia barua za namna yake. Ni karatasi ya wazi, bila ya bahasha iliyofungwa, na ndani yake huandikwa habari za jamaa tu: niko hai, niko na fulani, ninyi mko wapi? Hapana siasa, hapana habari za jeshi. Mtu alitafutwa kwa jina lake, majina ya baba na mama yake, na mahali alipotoka. Kwa mkimbizi, majina ya wazazi ndiyo anwani. Kwa hiyo mfundishe mtoto wako mdogo kutaja majina yako yote na jina la kijiji, hata kama leo kuna amani.

TUSOME BAHASHA MOJA

Tuseme umeikuta bahasha yenye alama hizi: 36 K.A.R.; E.A. A.P.O. na namba, muhuri wa Novemba 1944, muhuri wa mkaguzi, na nyuma yake muhuri wa Bukoba wa Januari 1945. Isome hivi:

1. Kikosi. 36 K.A.R. kilikuwa kikosi cha Tanganyika.

2. Tarehe. Mwaka 1944 kikosi hicho kilikuwa Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Basi babu alipigana Burma.

3. Mkaguzi. Ukikuta maneno yamefutwa ndani, usidhani babu alikosea kuandika.

4. Muhuri wa nyuma. Toa tarehe ya kwanza kutoka ya pili. Utajua barua ilisafiri siku ngapi.

Mambo yote manne umeyapata kabla ya kuitoa barua yenyewe.

TUITUNZE NAMNA HII

Usikate stempu, maana muhuri wenye tarehe umegongwa juu yake. Barua ikae pamoja na bahasha yake. Usiibandike kwa gundi. Iweke katika sanduku la bati, pakavu, mbali na mchwa, panya na moshi wa jikoni. Chukua karatasi nyingine uandike kwa kalamu ya risasi: hii ni barua ya nani, alimwandikia nani, na nani alikueleza hayo. Akija mtu anayenunua stempu za zamani, usiuze kabla ya kuisoma na kuinakili yote. Ujue pia kwamba bahasha nzima huwa na thamani kuliko stempu iliyokatwa.

Wahenga walisema: Mali bila daftari huisha bila habari. Na watu ni vivyo hivyo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini askari alikatazwa kutaja mahali alipo?

2. Herufi G.E.A. juu ya stempu zinatuonyesha nini?

3. Watu gani watatu walijua habari za mume na mke wakati wa vita? Elimu inawaondoa wangapi?

4. Je, katika kijiji chenu nani ana barua ya zamani? Mwombeni awasomee bahasha yake.

MANENO YA KUKUMBUKA

Mkaguzi: mtu aliyepewa kazi ya kusoma barua za wengine kabla hazijapelekwa.

Chapa: maneno au alama iliyopigwa juu ya kitu.

Nyambizi: meli ya vita inayokwenda chini ya maji.

Kunakili: kuandika tena maneno yale yale katika karatasi nyingine.