Mashine Chache, Wagonjwa Wengi: Nani Atangulie?

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, na kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Lakini iwe ni Kericho, Kapkatet au Longisa, hospitali yoyote inaweza kuwa na wagonjwa wengi kuliko mashine. Haki hufanyaje kazi palipo na uhaba?

Mahakama zilisemaje?

Mwaka 1997, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilimsikiliza mgonjwa wa figo aliyekosa nafasi ya kusafishwa damu kwa mashine. Alishindwa, kwa kuwa hospitali ilikuwa na mwongozo wa haki na iliufuata kwa nia njema. Mwaka 2015, Mahakama Kuu jijini Nairobi nayo ilikataa ombi la wagonjwa wa figo waliodai huduma hiyo katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta.

Hata hivyo, serikali haiwezi kusema tu "hakuna pesa". Kifungu cha 20(5) kinaitaka ithibitishe.

Mgao wa haki ni upi?

Msomi wa sheria Keith Syrett, katika kitabu chake cha 2007, anaona kuwa sheria inaweza kuwafanya wanaogawa huduma waeleze sababu zao hadharani. Anatumia masharti manne ya Wamarekani Norman Daniels na James Sabin:

1. Uamuzi na sababu zake vitangazwe.
2. Sababu ziwe za maana kwa wote wanaohusika.
3. Pawe na nafasi ya kukata rufaa.
4. Pawe na wa kuhakikisha hayo yanafuatwa.

Chukua mfano wa mchuma chai na mwalimu wanaongoja mashine moja. Kumtanguliza aliye katika hatari zaidi ni sababu ya haki. Kumtanguliza anayejuana na mkubwa si haki.

Mkazi afanye nini?

- Aombe sababu kwa maandishi uamuzi unapoathiri haki yake (Kifungu cha 47).
- Aombe habari chini ya sheria ya mwaka 2016. Jibu hutolewa ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa uhai wa mtu unahusika.
- Ahudhurie vikao vya umma vya bajeti. Makadirio hufika Bunge la Kaunti kufikia Aprili 30.