NGUVU PEKE YAKE HAIPANDI MLIMA: SOMO KUTOKA KWA MAGARI YA KALE

Ukiuliza darasani ni gari lipi litapanda mlima wa matope, wengi watakujibu bila kusita: lenye injini kubwa! Mimi napinga. Nguvu ya injini ni bure ikiwa magurudumu hayashiki ardhi, na mashahidi wangu ni magari yaliyoundwa zamani za mababu zetu.

Mashindano yenyewe

Nchini Uingereza kuna chama kiitwacho Vintage Sports-Car Club, kilichoanzishwa mwaka wa 1934. Wanachama wake hupandisha magari ya kale kwenye vijia vya milimani vyenye matope, mawe na mizizi. Hapa hakuna haja ya kwenda mbio. Njia huwekewa vibao vyenye nambari, na kadiri gari linavyofika juu ndivyo linavyopata alama nyingi. Likisimama tu, kwisha! Alama zake zinahesabiwa papo hapo.

Gari moja linalopendwa sana ni Austin Seven, lililoundwa kuanzia 1922 hadi 1939. Mengi yalikuwa na injini ya sentimita 747 za ujazo, yaani ndogo kuliko za pikipiki kubwa kubwa. Hata hivyo, linapanda.

Siri ni msuguano

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme gari na dereva wake wana uzito wa kilo 400, na mlima una mwinamo wa moja kwa nne. Mlima utalivuta gari nyuma kwa robo ya uzito wake, yaani kilo 100. Gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma, ambayo yamebeba kilo 240. Ikiwa matope yanaruhusu kushika kwa asilimia 40 tu ya uzito huo, mshiko ni kilo 96. Hautoshi! Hata ukanyage mafuta vipi, magurudumu yatazunguka bure.

Sasa mpakie abiria wa kilo 60, akae juu kabisa ya magurudumu ya nyuma. Mlima utavuta kilo 115, lakini mshiko utakuwa asilimia 40 ya kilo 300, yaani 120. Gari litapanda! Abiria ameongeza mzigo, na mzigo huo ndio uliolisaidia gari.

Ndiyo sababu katika mashindano haya abiria hawakai kama wageni wa harusi. Wao huinama nyuma na kurukaruka juu ya viti, ili kila wanapotua magurudumu yakandamize ardhi. Madereva nao hupunguza upepo wa tairi, pale kanuni zinaporuhusu, ili sehemu kubwa zaidi ya tairi iguse ardhi.

Faida kwetu

Wakati wa mvua, barabara zetu nyingi za mashambani huwa utelezi mtupu. Gari lililobeba mgonjwa likikwama, utasikia watu wakimpigia dereva kelele, "Kanyaga! Kanyaga!" Akikanyaga, tairi huchimba shimo na gari huzama zaidi. Afadhali aende polepole, mawe na matawi yatiwe chini ya magurudumu, na ikiwa ni pikapu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, mzigo usogezwe nyuma. Wanaosukuma wasisimame nyuma ya tairi. Haraka haraka haina baraka, na hapa baraka yenyewe ni uhai wa mtu.

Zoezi

1. Abiria wa hesabu yetu akikaa mbele, uzito wake wote ukawa juu ya magurudumu ya mbele, je, gari litapanda? Onyesha hesabu.

2. Madereva wa Ford Model T (1908–1927) walipanda milima mikali kinyumenyume. Petroli ilishuka yenyewe kutoka kwenye tangi lililokuwa chini ya kiti, na gari likiinua pua haikufika kwenye injini. Magurudumu ya nyuma ndiyo yaliyosukuma. Je, ujanja huu ungefaa kwenye matope? Eleza.