Mmea wa Majini Usio na Majani

Mvua zikinyesha na maji yakituama katika mbuga za Somanda, huku Bariadi, huota mmea mwembamba wa kijani, umesimama wima kama sindano. Auonaye kwa mbali hudhani ni mpunga mchanga, au ndago, au nyasi tu. Kudhani huku kwaweza kumtia mkulima hasara: mtoto atumwaye kupalilia jaluba aweza kung'oa mpunga akaliacha gugu.

Basi na tuushike mkononi. Mpunga una jani bapa, refu, litokalo ubavuni mwa shina. Mmea huu hauna jani lo lote la namna hiyo. Kilichosalia cha jani ni ala nyembamba iliyofunika mguu wa shina karibu na tope. Kijani chote tukionacho ni shina lenyewe, nalo ndilo lifanyalo kazi ya jani. Kisha tutazame juu. Nchani kabisa pana kisuke kimoja tu, kidogo, wala chini yake hapana jani. Ndago huwa na masuke mengi, na majani yamesambaa chini yake.

Wako wasemao kwamba yatosha kulifikicha shina vidoleni: lenye pembe tatu ni ndago, la mviringo ni mmea huu. Sisi hatuliamini sana jambo hili, kwa kuwa mimea hii ni jamii moja na ndago, na baadhi ya aina zake zina pembe vile vile. Heri kutazama kisuke. Na kabla hakijatoka, kutafuta jani.

Wataalamu huuita Eleocharis, jina alilolitoa Robert Brown wa Scotland mwaka 1810. Aina zake zapita 200. Wachina hulima moja kwa ajili ya viazi vyake vitamu, lakini mtu asichimbe kila kiazi cha topeni akakila!

Katika jaluba, kukata kwa mundu hakufai. Aina zidumuzo hutambaza vishina chini ya tope na kuchipua tena. Yapasa kung'oa pamoja na mizizi, kabla mbegu hazijapukutika, na kuutupa mmea juu ya tuta ukauke.

Mwalimu atakaye kuwaonyesha wanafunzi wake na auchukue shuleni katika kopo, asiwaingize watoto majini, kwa sababu ya kichocho.