Maneno ya Kuisomea Bendera na Ngao

Mtoto wa shule akiulizwa rangi za bendera ya Taifa hujibu pasipo kusita: kijani, njano, nyeusi na buluu. Lakini mwulize kijani iko upande gani, na ule mkanda mweusi waanzia wapi na kuishia wapi. Hapo ulimi hukwama, wala si ulimi wa mtoto peke yake. Tumezoea kuitazama bendera bila maneno ya kuisomea, na kitu kisicho na maneno jicho hukipita. Ndiyo sababu si mara moja tumeiona bendera yetu imetundikwa kichwa chini, buluu juu na kijani chini, na watu wakapita mbele yake kwa heshima zote.

Waingereza wana elimu nzima ya jambo hili, na maneno yake mengi ni ya Kifaransa cha kale. Sisi hatuna haja ya kuyaazima. Mama zetu wanayo yao masandukuni. Kanga ina pindo, yaani ukingo unaoizunguka; ina mji, ndio uwanja wa katikati; tena ina jina, ndiyo maneno yaliyopigwa chini yake. Mabaharia nao wametupa mlingoti, na neno kutweka, ambalo ni la tanga kabla ya kuwa la bendera.

Kwa maneno hayo tuisome bendera iliyoanza kutumika mwaka 1964 baada ya Muungano. Ina upande wa mlingoti na upande wa kupepea. Mkanda mweusi waanzia pembe ya chini upande wa mlingoti, wapanda mshazari hadi pembe ya juu upande wa kupepea. Juu yake, penye mlingoti, ni kijani. Chini yake, penye kupepea, ni buluu. Mkanda huo umetiwa pindo la njano kila upande.

Pindo hilo si pambo tu. Wachoraji wa ngao wa kale walizigawa rangi mafungu mawili: njano na nyeupe waliziita madini, maana zasimama mahali pa dhahabu na fedha, nyingine zote waliziita rangi. Kanuni yao ilikuwa kwamba rangi isilazwe juu ya rangi, wala madini juu ya madini, ili alama ionekane kwa mbali. Ondoa pindo la njano katika bendera yetu, nyeusi itamezwa na buluu kabla hujafika nusu ya uwanja wa shule. (Bendera ya Vatikano, iliyowekwa mwaka 1929, yaweka njano kando ya nyeupe, madini na madini. Hata Roma kanuni hupindwa!)

Maana za rangi hizo watu wa Mpanda hawana haja ya kuzitafuta mbali. Njano ni madini, na reli ya kutoka Kaliua ililetwa Mpanda kwa ajili ya madini ya risasi. Kijani ni ardhi na mimea, kama misitu ya Katavi. Buluu ni maji: aliyesimama Karema au Ikola analo Ziwa Tanganyika mbele yake. Nyeusi ni watu wenyewe.

Karema yatukumbusha pia kwamba bendera ni dai. Mwaka 1879 Kapteni Cambier alijenga kituo hapo kwa niaba ya Shirika la Kimataifa la Afrika, lililoanzishwa na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Bendera ya shirika hilo ilikuwa na mji wa buluu na nyota moja ya dhahabu katikati. Mwaka 1885 kituo kilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Nyota ile ikawa bendera ya Dola Huru ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, nao watu wa kule wanajua iliwagharimu nini.

Tuje kwenye nembo ya Taifa, ambayo wengi huiita Bibi na Bwana. Ngao hasa ni ile ya katikati tu: juu mwenge katika uwanja wa dhahabu, kisha bendera, kisha uwanja mwekundu, na chini mawimbi ya buluu na nyeupe. Bwana na Bibi ni washika ngao, nao wamesimama juu ya Kilimanjaro. "Uhuru na Umoja" ndilo jina, kama la kanga. Na hapa wengi hukosea: kulia kwa ngao ni kulia kwa aliyeishika, si kwa anayeitazama. Bwana yuko kulia, ingawa machoni petu yuko kushoto.

Kanuni hiyo yafaa hata kwa nembo za maaskofu, pamoja na zile za Jimbo la Mpanda, lililoundwa mwaka 2000. Juu ya ngao ya askofu kuna kofia pana ya kijani yenye vishada. Vihesabu upande mmoja: sita ni askofu, kumi ni askofu mkuu. Kofia ikiwa nyekundu, na vishada kumi na vitano kila upande, huyo ni kardinali.